Ramani imekataa: kutafuta kosa la SDK ya ramani ukiwa Goma

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake Katindo, mtaa wa hapa Goma, asubuhi kabla umeme haujaenda. "Mukubwa, ramani imekataa. Rezo iko mubaya." Nikamwuliza imekataa namna gani. "Imekataa tu." Wiki ile alikuwa amekwisha kununua mega mara tatu na kujaribu laini mbili, na ramani bado ilikuwa haijafunguka.

Mji wetu umetuzoesha kulaumu mtandao, na siku nyingi tunaulaumu kwa haki. Lakini tangu nianze kutengeneza programu ya wamotari, waendesha pikipiki za kukodi, na ya kupeleka mizigo, makosa mengi ya ramani niliyokutana nayo hayakutoka kwenye mtandao, na kila moja lilikuwa na sura yake kwenye skrini. Tazama sura hiyo kwanza, kabla ya kugusa msimbo. Skrini ya kijana yule ilikuwa ya kijivu, na chini kushoto nembo ya kampuni ya ramani inaonekana wazi. Hiyo si rezo.

Kijivu tupu, nembo iko chini

Nembo inakaa ndani ya SDK yenyewe, yaani maktaba ya ramani unayoiweka ndani ya programu yako; haishuki kutoka intaneti. Ikionekana bila ramani, basi SDK imewaka na imeomba ramani, ila seva imekataa kuitoa. Tafuta kwenye ufunguo wa API, yaani kitambulisho ambacho programu yako humwonyesha mwenye seva ili ipewe ramani.

Kwenye Android fungua Logcat, dirisha la logi ndani ya Android Studio, utafute maneno `Authorization failure`. SDK ya Google Maps huandika papo hapo jina la kifurushi cha programu yako na alama ya SHA-1 ya cheti kilichoitia sahihi. Linganisha hivyo viwili na ulichoandika kwenye konsoli ya Google, herufi kwa herufi.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba programu moja ina SHA-1 zaidi ya moja. Toleo la majaribio hutiwa sahihi kwa cheti ambacho Android Studio hujitengenezea kwenye kila kompyuta, kwa hiyo msimbo uleule ukihamia kwa mwenzako unakuwa na alama nyingine. Toleo la kutolewa lina cheti chako mwenyewe. Halafu ukiipakia Play, duka la programu la Google, huduma yake ya Play App Signing huitia sahihi upya kwa cheti cha tatu. Ndiyo maana ramani inafunguka mezani kwako, inafunguka kwenye APK (faili ya kusakinisha) uliyomtumia rafiki, na wateja wanaopakua kutoka Play wanaona kijivu. Alama hiyo ya tatu hutaipata kwenye kompyuta yako. Inasomwa ndani ya Play Console, kwenye ukurasa wa sahihi ya programu. Weka zote tatu kwenye ufunguo, usubiri dakika chache, ujaribu tena. Kijana wa Katindo alikuwa amebadili kompyuta tu. Ramani ilifunguka kwa mega zilezile alizokuwa nazo.

Kama alama zote ni sawa, angalia kama SDK ya Android imewashwa kwenye mradi, maana kuwasha ile ya JavaScript hakuiwashi hii. Baada ya hapo angalia malipo. Tangu 2018 Google Maps inataka akaunti ya malipo hata kwa mwenye matumizi madogo. Hapa kwetu wengi tunatumia kadi ya ndugu aliye Kampala au Nairobi, na kadi hiyo ikiisha muda, mradi unasimama bila mtu kugusa msimbo. Kwenye wavuti dalili yake haifanani na ya simu: ramani inatokea imefifia, na juu yake yanajirudia maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba ni ya kutengenezea programu tu. Ukiona hivyo usifungue faili hata moja, mpigie mwenye kadi.

Nyeupe, hakuna hata nembo

Hapa SDK yenyewe haijafika popote. Kwenye wavuti anza na kimo cha kisanduku. Leaflet na MapLibre, maktaba huru za ramani, huchora ndani ya `div`, na `div` isiyopewa kimo ina urefu wa sifuri; ramani ipo, ila haina mahali pa kuonekana. Ndugu yake ni ramani inayojaza kona moja tu na kuacha sehemu iliyobaki kijivu: ilianzishwa ndani ya kichupo kilichofichwa, ikapima ukubwa wa kisanduku kisichoonekana. Kwenye Leaflet, ita `invalidateSize` baada ya kichupo kufunguliwa.

Kwa wanaotumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, kuna kosa lililonila siku mbili nzima. Mradi mpya wa Flutter huweka ruhusa ya INTERNET kwenye faili za matoleo ya majaribio peke yake. Faili kuu, `AndroidManifest.xml` iliyo chini ya `main`, haina ruhusa hiyo mpaka uiandike mwenyewe. Wakati wa majaribio kila kitu kinakwenda. Ukitengeneza toleo la kutolewa, programu haina haki ya kugusa intaneti, na haikuelezi kwa nini. Mtu anayefikiri mambo ya rezo atapanda hadi juu ya nyumba kutafuta mawimbi, na kosa liko kwenye mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Tangu Android 9, anwani inayoanza na `http` bila `s` inazuiwa isipokuwa umeiruhusu waziwazi. Ukiwa ofisini na seva yako ya vigae, yaani vipande vya mraba vinavyounganishwa kuwa ramani, hili litakukuta siku ya kwanza.

Kuna pia saa ya simu. Motari mmoja alileta simu iliyokaa bila chaji siku nyingi. Ramani nyeupe, wakati wenzake watatu waliosimama naye, wenye laini za kampuni ileile, ramani zao zinafanya kazi. Nikashusha pazia la juu la skrini: tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Vyeti vya HTTPS vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na simu inayoamini kwamba cheti bado hakijaanza kutumika inakataa muunganisho wote. Tukarekebisha tarehe, vigae vikashuka. Siku hizi programu yangu inalinganisha saa ya simu na saa inayokuja kwenye jibu la seva yetu ya maagizo, na zikipishana sana inamwambia dereva kwa Kiswahili arekebishe tarehe. Kama seva yenu nayo iko nyuma ya HTTPS, hata jibu hilo halitafika, basi lichukue kosa la cheti lenyewe na ulitafsiri kwa maneno ambayo dereva anayaelewa.

Simu za zamani zenye Android 7.0 kurudi nyuma zina ugonjwa unaofanana na huo, ila tarehe haiuponyi. Haziujui mzizi wa vyeti wa ISRG Root X1 unaotumiwa na Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, na cheti cha daraja la muda kilichokuwa kinazisaidia kiliisha 2024. Kama seva yako ya vigae inatumia vyeti hivyo, weka mzizi huo ndani ya programu yenyewe. Simu hizo bado ziko mikononi mwa watu hapa. Usimwambie mtu anunue nyingine kwa sababu ya cheti.

Vigae vinakuja na namba 403

Namba 403 ni seva kukukatalia. Umeelekeza programu kwenye seva za OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na wachangiaji, nazo zimekufunga. Data ya OpenStreetMap ni huru, lakini seva za vigae zinaendeshwa kwa michango na zina masharti: programu ijitambulishe kwa `User-Agent` yake, isishushe vigae kwa wingi kwa ajili ya kuhifadhi, na iandike kwenye ramani kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Masharti hayo ni ya haki. Kwa majaribio ya mtu mmoja zinatosha. Kwa biashara tafuta mtoa vigae, au viandae mwenyewe.

Nukta iko mahali pengine kabisa

Mama mmoja wa Majengo aliagiza mafuta ya kupikia na sabuni. Motari akanipigia simu akiwa amesimama Rond-point Signers: "Mukubwa, ramani inasema huyu mama iko Algeria." Alikuwa anasoma sawasawa. Nukta ilikuwa katikati ya mchanga wa Sahara.

Nukta haipotei ovyo. Goma iko karibu na latitudo -1.68 na longitudo 29.22. Zikariri hizo namba mbili, kwa sababu mahali nukta ilipoangukia panataja kosa. Ukiona Algeria, namba zimebadilishana nafasi: 29.22 imesomwa kama latitudo. Ukiona msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, alama ya kutoa imeanguka na umevuka ikweta kwenda kaskazini. Mwenzetu wa Lubumbashi akiiangusha alama hiyohiyo anajikuta Sudan. Ukiona bahari ya Ghuba ya Guinea, mahali pasipo na kisiwa wala mtu, hakuna namba za mahali zilizofika. Umesoma sifuri na sifuri. Na ukiona nukta iko msituni magharibi ya volkano ya Nyamulagira, mtu alichukua 1°40′ na 29°13′ kutoka kwenye karatasi akaandika 1.40 na 29.13, kana kwamba dakika ni desimali. Dakika hugawanywa kwa 60 kwanza.

Kubadilishana nafasi si uzembe wa mtu mmoja. Ni mgongano wa desturi mbili ambao haujawahi kumalizwa. GeoJSON, muundo wa kuandikia data ya ramani, kwa kanuni yake ya RFC 7946 ya 2016, huandika longitudo kwanza. Leaflet na Google Maps huanza na latitudo. MapLibre ya Android ina zote mbili ndani ya SDK moja: `LatLng` inataka latitudo kwanza, `Point.fromLngLat` inataka longitudo kwanza, na zote hupokea namba za aina moja, hivyo kompaila haiwezi kukuonya. Dawa niliyoikubali ni kuwa na sehemu moja tu ya msimbo inayogeuza kutoka desturi moja kwenda nyingine, na mtu yeyote kwenye timu asiruhusiwe kugeuza kwingine. Pamoja na hiyo tuliweka uzio: agizo lolote lenye latitudo nje ya -1.8 na -1.5, au longitudo nje ya 29.0 na 29.3, linasimama kabla ya kumfikia motari. Mafuta yanayoteketea kwa sababu ya namba mbili zilizogeuzwa yanatoka mfukoni mwa mtu aliyekodi pikipiki na anayepaswa kupeleka hesabu jioni.

Alama ya kutoa nayo mara nyingi inaangukia mahali pamoja. Kisanduku cha Android chenye `inputType` ya `number` hakikubali alama hiyo. Mtumiaji anabonyeza na hakuna kinachoandikwa. Kinatakiwa kiruhusu namba zenye alama na zenye desimali. Waliotengeneza mafunzo mengi tunayoyafuata wanaishi kaskazini ya ikweta, hawakuwahi kuihitaji.

Kosa lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni la koma, na naliandika kwa urefu kwa sababu linatuhusu sisi wa Kongo hasa. Wateja kadhaa walionekana wote kwenye nukta moja, kama kilomita 80 kaskazini-magharibi ya mji, mbele ya Kitshanga. Wa Himbi, wa Ndosho, wa Mabanga, wote wamesimama palepale. Kwenye simu yangu kila kitu kilikuwa sahihi. Nilijaribu mara ishirini, mara ishirini sahihi. Nikaomba simu ya mteja mmoja, nikafungua logi, nikaona hiki:

`"lat":"-1,6792","lng":"29,2285"`

Simu yake ilikuwa kwa Kifaransa, kama simu nyingi za hapa. Kwa Kifaransa desimali hutengwa kwa koma, na `String.format` ya Java na Kotlin hufuata lugha ya simu bila kuuliza. Seva yangu ilikuwa ya JavaScript. `parseFloat` ikipewa `-1,6792` inasoma -1, inafika kwenye koma, inaishia hapo, wala hairudishi kosa. 29,2285 inakuwa 29. Kwa hiyo mji mzima ukaviringishwa ukawa nukta moja, latitudo -1, longitudo 29. Simu yangu mimi ilikuwa kwa Kiingereza tangu chuo, na ndiyo sababu sikuona kitu.

Ukiwatuma wateja hao kwenye injini ya njia, yaani programu inayochagua barabara za kupita, sura inabadilika: anwani inabeba namba nne zilizotengwa kwa koma badala ya mbili, na seva inajibu 400, yaani ombi limeandikwa vibaya. Kosa ni lilelile. Mahali popote unapogeuza namba kuwa maandishi kwa ajili ya mashine, taja `Locale.ROOT`, isiyofuata lugha ya simu, waziwazi, au acha maktaba ya JSON iandike namba kama namba, si kama maandishi. Koma ya Kifaransa ibaki kwenye yale ambayo binadamu anayasoma. Na simu moja ya majaribio kwenye timu iwekwe Kifaransa siku zote.

Mwisho wa sehemu hii, kama namba zako ni kubwa, kwa mfano 3,252,000 na -187,000, umepokea mita za makadirio ya EPSG:3857, yale ya ramani za wavuti. Zigeuze kuwa digrii kabla ya kuzitumia. Kuna watu watakaokuambia makadirio hayo yanavuruga umbali. Yanavuruga mbali na ikweta. Hapa Goma tofauti haifiki hata mita kumi kwa kila kilomita. Umbali wako ukiwa na kosa kubwa, tafuta kwingine.

Nukta ya dereva inaruka, inachelewa au inakufa

GPS haihitaji intaneti, lakini intaneti huifupishia safari. Simu iliyozimwa muda mrefu inapaswa kusoma upya kutoka angani mahali satelaiti zilipo, na kila satelaiti hurudia habari zake kila sekunde 30. Ikiwa na data, inazipata haraka kwa njia ya mtandao. Ikiwa haina, dereva asimame nje, mbali na ukuta na mabati, asubiri. Usimwonyeshe gurudumu linalozunguka bila neno. Mwandikie atoke nje.

Nukta ikitangatanga mitaa miwili mitatu, uliza ruhusa ilitolewa ya namna gani. Tangu Android 12 mtumiaji anaweza kukupa mahali pa kukadiria tu, eneo la kama kilomita tatu za mraba. Kwa mji wetu hiyo inaweza kumeza mtaa mzima. Tazama kama umepewa `ACCESS_FINE_LOCATION` kweli, siyo tu kama umeiomba.

Wamotari huweka simu mfukoni skrini ikiwa imezimwa. Ukiona safari yake kwenye ramani ni mstari mmoja ulionyooka kutoka Ndosho mpaka Birere, unaopita juu ya nyumba za watu, programu yako ililala katikati. Tangu Android 10 ruhusa ya kufuatilia nyuma ya pazia ni ruhusa ya peke yake, na unahitaji huduma yenye tangazo la kudumu kwenye skrini. Hata hivyo watengenezaji kadhaa wa simu za bei nafuu wameongeza walinzi wa betri wanaoua huduma hiyo. Hakuna msimbo utakaowashinda wote. Tunakaa na dereva siku ya kwanza, tunafungua mipangilio ya betri ya simu yake, tunaiondoa programu yetu kwenye orodha ya zinazobanwa. Dakika tatu kwa kila mtu.

Mshale usiogeuka: simu haina dira. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Tumia mwelekeo wa mwendo wa GPS pikipiki inapotembea.

Njia inapita Rwanda

Dereva anatoka upande mmoja wa Birere kwenda mwingine, na injini inamwonyesha avuke mpaka kwenye kituo cha Petite Barrière, apite mitaa ya Gisenyi, arudi kwa kituo cha Grande Barrière. Kwa injini ni barabara zilizounganishwa, lami nzuri, mita zinapungua. Haijui foleni ya mpaka, karatasi, wala kwamba motari hana ruhusa ya kubeba mzigo wa watu ng'ambo. Omba Goma hadi Bukavu, nayo inaweza kukuzungusha ziwa kwa mashariki, Rubavu, Karongi, Rusizi, badala ya Sake, Minova na Kalehe. Au ikupandishe meli, maana njia za feri nazo ni mistari kwenye data.

Hili si hitilafu ya SDK, na kuandika kwa kampuni kulalamika hakutasaidia. Ni swali ambalo hukulieleza. Injini ya OpenRouteService ina chaguo la kuepuka mipaka na kuepuka nchi unazozitaja. Ile ya Valhalla ina gharama na adhabu ya kuvuka mpaka, ipandishe juu sana. Ukiendesha injini ya OSRM mwenyewe, fungua wasifu wa gari, faili ya kanuni zake za barabara na mwendo: kwenye orodha ya vizuizi vinavyoruhusiwa kupitwa kuna `border_control`. Ifute, andaa data upya, na barrière zote mbili zinafungwa. Usitegemee kuchukua faili ya data ya Kongo peke yake. Mipaka ya faili hizo hukatwa kwa mistari iliyorahisishwa, na Gisenyi imeshikana na Goma ukuta kwa ukuta. Kwenye huduma isiyo na chaguo lolote kati ya haya, lazimisha vituo vya kati: Sake, kisha Minova.

Muda wa kufika nao unadanganya. Wasifu wa kawaida wa gari wa OSRM huipa barabara ya daraja la `primary` kilomita 65 kwa saa. Yeyote aliyewahi kutoka Mugunga kuja mjini asubuhi, kati ya malori, chukudu (skuta za mbao za mizigo) na wanafunzi, anajua namba hiyo haiko hapa. Barabara zetu kadhaa ni lava iliyosawazishwa, na pikipiki hupita vichochoro ambavyo gari halipiti. Tulichukua safari za wamotari wetu wenyewe, tukapima mwendo wao halisi kwa kila aina ya barabara, tukaandika wasifu wetu. Hakuna kampuni ya mbali itakayotufanyia hilo, na sioni kwa nini tuingoje.

Picha za satelaiti na barabara za zamani zinahitaji jicho. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 mpaka ziwani, na watu wakajenga juu yake. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kaskazini, upande wa Buhene. Mstari wa barabara unaopita mahali ambapo leo ni mawe meusi matupu, au kinyume chake, rekebisha kwenye OpenStreetMap. Ukirekebisha na SDK yako isionyeshe, subira: vigae vya OpenStreetMap yenyewe hubadilika upesi, lakini mtoa vigae wako huchukua data kwa ratiba yake, na simu nayo ina akiba yake ya zamani. Futa akiba ya simu kwanza ndipo uulize.

Mega zinaisha kwa ramani

Kila hatua moja ya ukuzaji (zoom) huongeza vigae mara nne. Chukua eneo la kilomita 15 kwa 10, linalotosha Goma. Kwenye ukuzaji wa 14 kigae kimoja kina upana wa kama kilomita mbili na nusu, na vigae 35 vinafunika mji. Kwenye ukuzaji wa 16 ni kama 425. Kwenye 18 ni zaidi ya 6,000. Ukiwapa wateja vigae vya picha na ukuzaji wa 18, unawala mega, na wao watakachokuambia ni kwamba programu yako ni nzito.

Vigae vya vekta, vinavyobeba data ya kuchora badala ya picha, hupakuliwa kwa kawaida mpaka ukuzaji wa 14 tu, na simu yenyewe huchora zaidi ya hapo kutoka data ileile. Vile 35 vinatosha. Tulivipakia pamoja na programu, kwenye faili moja, na ramani sasa inafunguka hata rezo ikikatika kabisa. Katika kazi yote niliyoifanya kwenye programu hii, hakuna badiliko lililowafurahisha wamotari kuliko hilo.

Ukifanya hivyo na barabara zikaonekana bila majina, kumbuka kwamba maandishi hayamo ndani ya vigae. Mtindo wa ramani unaelekeza kwenye fonti za mbali. Zipakie nazo, na jina la fonti kwenye mtindo lifanane kabisa na jina la folda.

Kwangu inajengwa, kwake inaanguka

Mafunzo ya miaka michache nyuma hayajengeki, mara nyingi kwa sababu ya historia. Desemba 2020 Mapbox ilibadili leseni ya Mapbox GL JS, jamii ikaendeleza toleo huru kwa jina la MapLibre. MapLibre ya Android ilibaki na majina ya zamani ya vifurushi mpaka toleo la 11, ndipo yakawa `org.maplibre.android`. Msimbo wenye `com.mapbox.mapboxsdk` ni wa kabla ya hapo. Na Gradle, chombo kinachojenga programu ya Android, ikikujibu 401 (hujatambuliwa) kwenye mradi wa zamani wa Mapbox, inadai tokeni ya siri yenye ruhusa ya kupakua, si ile ya wazi unayoitumia kuonyesha ramani. Mimi nilihamia MapLibre kwa sababu haidai kadi ya mtu yeyote.

Dalili ya mwisho inatuhusu sana, kwa kuwa hapa programu husafiri kutoka simu hadi simu. Mtu anaipakua kutoka Play, anamrushia rafiki yake faili ya APK bila mega, na kwa rafiki inaanguka sekunde ileile ramani inapofunguka, logi ikitaja `UnsatisfiedLinkError`. SDK za ramani kama MapLibre zina sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine, tofauti kwa kila aina ya prosesa. Tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye Play hupakiwa kama kifurushi kinachokatwa vipande, na kila simu hupewa vipande vyake. Anayerusha APK ya msingi peke yake anarusha programu isiyo na sehemu hiyo.

Tengeneza pembeni APK moja kamili yenye vipande vya prosesa za `armeabi-v7a` na `arm64-v8a`, uache `x86` ambayo simu za wateja wako hazina. Iweke kwenye tovuti yako, na ndani ya programu weka kitufe cha kushiriki kinachotuma faili hiyo. Kumbuka kuwa ina sahihi ya cheti chako, si cha Play: SHA-1 yake iwemo kwenye ufunguo kama unatumia Google Maps, na aliyekwisha kuweka ile ya Play atalazimika kuiondoa kwanza ndipo hii ikubali kuingia.